Ufunguo wa Mashine ya Zamani

Mama aliyeendesha kompyuta ya kiwanda cha majani chai, upande wa Litein, hakuniamini, na mimi sikumwamini. Tulishinda ofisi moja tukitazamana kwa pembe ya jicho.

Yeye ndiye aliyeandika, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Kobol, programu ya kuhesabu kilo za majani ya wakulima. Mashine yake ilikuwa kuukuu, yenye kufuli, na ufunguo aliufunga kwenye pindo la leso. Mimi nililetwa kuhamisha kompaila, ile programu inayogeuza Kobol iwe kitu ambacho mashine inaelewa, ili ifanye kazi kwenye mashine mpya niliyokuja nayo, yenye mfumo wa Linux. Miaka hiyo ya tisini mfumo huo haukujulikana Kericho.

"Wewe kijana umekuja kunitoa job," aliniambia siku ya kwanza.

"Hapana, mama. Tungetaka kukutoa, tungeandika programu mpya. Hii ni ya kulinda kazi yako." Niliamini nilichosema, maana meneja ndiye aliyeniambia hivyo.

Kazi ilinitoa jasho. Kujenga kompaila kulichukua saa nyingi, na kila alasiri mashine yangu ilizima katikati. Nikaanza kumshuku. Mbona inaharibika akisharudi kutoka chakula cha mchana? Chai aliyonimiminia, nzito kwa maziwa, niliiacha ipoe. Hata choo nilikwenda mbiombio, nisimwachie mashine.

Lori la majani ndilo lililomwokoa. Liliingia siku moja, wafanyakazi wakawasha feni kubwa za kunyaushia majani, taa ya ofisi ikafifia, mashine yangu ikazima. Yeye alikuwa nje, akibishana na dereva. Nilijiona mjinga kweli kweli. Tangu hapo nilifanya kazi asubuhi, kabla ya majani kufika, na chai yake nikainywa.

Ijumaa moja programu yake ilifanya kazi kwenye Linux, kilo zote zikalingana na za mashine ya zamani. Alicheka, akanipiga bega.

"Kumbe wewe si mbaya."

Jumatatu meneja alimwita. Aliporudi hakuketi. Alifungua fundo la leso, akaweka ufunguo juu ya kibodi yangu.

"Programu yangu imebaki," alisema. "Mimi ndio naenda. Meneja anasema sasa wewe utakuwa unaibonyeza tu."

Nilimwapia kwamba sikujua. Alichukua thamosi yake ya chai, akanitazama vile vile alivyonitazama siku ya kwanza, akatoka.