Mkono wa Mzee Kwenye Usukani

Wiki ile ya mwisho kabla ya mtihani wa kuwa mkufunzi wa marubani, nilichoogopa zaidi ya kuanguka kilikuwa mkono wa mzee.

Mkufunzi wangu, rubani mwenye mvi wa umri wa baba yangu, alinionya mapema: mtahini atakaa kiti cha mwanafunzi, atajifanya hajui kitu, kisha atakosea makusudi. Nimfundishe, na ikibidi nimnyang'anye ndege.

Tukajaribu, yeye akiwa mwanafunzi. Juu ya mashamba ya Kahe akauvuta usukani hadi kifuani. Pua ya ndege ikainuka, ikaufunika mlima uliokuwa mbele yetu. King'ora kikalia: mabawa yanakaribia kushindwa kutubeba. Nilipaswa kusema "Naongoza mimi" na kuusukuma usukani mbele. Badala yake nikasikia sauti yangu, nyembamba kama ya mtoto: "Samahani mzee, naomba kidogo..."

Bawa la kushoto likalala. Mpunga wa Kahe ukajaa kioo cha mbele, unazunguka. Mzee ndiye aliyeukamata usukani akatuokoa.

"Unaomba?" alisema, jasho likimtiririka. "Mwombe hivyo mtahini, umefeli. Mwombe hivyo mwanafunzi, mmekufa wote wawili."

Nikapanda kijijini kwetu Kirua Vunjo, kwa mama. Kwetu mkubwa humpokonyi kitu; unasubiri akupe, nawe unapokea kwa mikono miwili. Nilimkuta anakoroga mtori, supu nzito ya ndizi. Nilipomweleza alicheka mpaka akafuta machozi, halafu uso ukabadilika.

"Haya, nipokonye mwiko."

"Mama!"

"Nipokonye. Au unataka nije kukuzika?"

Nilinyoosha mkono, nikaurudisha. Mara mbili, mara tatu. Mara ya nne nilifumba macho nikaukamata mwiko. "Naongoza mimi!"

"Kuna nini huko?" jirani aliita kutoka ng'ambo ya mfereji.

"Mwanangu ananipindua jikoni!" mama alijibu. Kisha, kwa sauti ya chini: "Tena. Na safari hii fumbua macho."

Siku moja kabla ya mtihani tulirudi angani. Mzee alinipigia hadithi za shamba lake la kahawa, taratibu, nami kila alipokohoa moyo uliruka. Katikati ya sentensi akavuta. King'ora. Mlima ukapotea. Safari hii maneno yalitoka: "Naongoza mimi!" Hakuachia. Aling'ang'ania kama anavyong'ang'ania mwanafunzi aliyeingiwa na hofu. Nikamkamata kifundo cha mkono, nikambandua kwa nguvu zangu zote, nikasukuma. Pua ikashuka. Mlima ukarudi mahali pake.

Tulipotua nilifungua mkanda. Kwenye mkono wake niliona alama nne nyekundu za kucha zangu. Nikafungua mdomo niombe radhi.

"Mtahini wa kesho ni mzee kuliko mimi," alisema, akishusha mkono wa shati juu ya zile alama. "Kucha hizo usizikate."