Mahameli Niliyoipeleka Tanga

Nakumbuka siku moja, mjukuu wangu, baba yangu aliingia kwenye kibanda cha fundi pale Kihanga, huku Karagwe, akaweka kiganja chake juu ya mahameli yangu nyekundu, akakiacha hapo kimya kama mtu anayempima mtoto homa. Nilikuwa mbichi bado, ndoa yangu haijamaliza miaka miwili, na babu yako alikuwa ametangulia Tanga kufanya kazi bandarini. Vita na Uganda vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma. Madukani rafu tupu, hata kipande cha sabuni tulikitafuta kama dawa. Mimi nikapata mahameli. Ilitoka ng'ambo ya mto, Uganda, na usiniulize ilivukaje.

Nilikuwa nimejiapiza kwamba sitamfuata mume mikono mitupu. Nitafika Tanga na makochi, wajue kwamba na huku kwenye migomba kuna watu. Kwa hiyo nikamtafuta fundi Deo, seremala wetu, akanichongea makochi manne ya mvule, mazito kama dhambi. Sponji haikupatikana, akajaza majani makavu ya migomba yaliyopondwa mpaka yakalainika. Hilo halikuwa la ajabu. Nimezaliwa juu ya majani hayo, wadogo zangu wote wamezaliwa juu yake, na hayakumdhuru mtu. Huku kwetu kuna baridi, jua la kiangazi linakausha kila kitu, na ukiamka asubuhi unaota moto.

Baba yangu tulimwita Tata, kama watoto wote wa huku. Asili yake ilikuwa Burundi. Kabla hajapata shamba Kihanga na kupanda kahawa yake, alikata mkonge huko huko Tanga akiwa kijana. Pwani aliijua kwa ngozi ya mwili wake.

"Kitambaa hiki ni cha huku," akasema. "Ni cha watu wenye baridi. Kule unakokwenda hata shati ni adhabu."

"Tata, wewe ulikwenda huko wakati wa mkoloni."

"Joto halikuondoka na mkoloni."

Fundi Deo alicheka mpaka misumari ikamdondoka mdomoni. Mimi sikucheka. Niliona wananifanya mtoto.

"Weka marekani," Tata akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Weka pamba nyepesi ya kuvua na kufua. Na hayo majani yatoe. Kule hakuna kinachokauka."

"Marekani ni ya sanda," nikamjibu.

Ndivyo nilivyomjibu baba yangu, mbele ya fundi. Alinitazama, akauondoa mkono wake kwenye kitambaa, akachukua fimbo yake akaenda zake. Hakulirudia neno lile tena. Wazee wa siku zile, mwanangu, walikuambia mara moja. Ya pili ulikuwa unaambiwa na dunia.

Makochi yalipanda lori mpaka Bukoba, meli mpaka Mwanza, treni siku na siku mpaka Tanga. Kwa ajili ya vumbi nilikuwa nimeyavisha nailoni, nikaishona pembeni kwa uzi wa gunia. Tulipofika sikuivua. Nilisema mtoto atakojoa, wageni watamwaga chai, mahameli itachakaa. Basi ikawa nina kitambaa kizuri kuliko vyote mtaani, na hapana mtu aliyewahi kukigusa. Juu ya nailoni nikatandika vitambaa vyeupe vya kufuma kwa mkono. Vikawa vinateleza na kuanguka chini, naokota, vinateleza, naokota. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kila siku, na niliifanya kwa fahari.

Jirani yangu alikuwa mama mmoja wa pale pale, Bi Zuhura, mdomo wake haukujua kupumzika. Siku ya kwanza nilipomkaribisha kukaa, nailoni ikamshika mapaja, akainuka polepole akiishikilia kanga.

"Mama Koku, viti vyako vimevaa koti la mvua. Kwani nyumba inavuja?"

"Huyapati makochi haya Tanga nzima," nikasema.

"Wala siyatafuti, mwenzangu. Mimi nitakaa hapa kizingitini, kuna upepo."

Nikamwona ana wivu. Ujinga ukiingia kichwani huwa unajiita jina jingine.

Masika yaliyofuata, mama yako, Koku, akiwa anatambaa, kaka yangu aliandika kwamba kifua cha Tata kimekuwa kibaya. Babu yako akasema aje, mjini kuna hospitali kubwa. Akaja. Nilimpokea stesheni nikalia, kwa sababu yule mtu aliyekuwa akibeba gunia la kahawa peke yake sasa alikuwa anabeba fimbo kwa shida. Nikampeleka nyumbani, nikampigia magoti, shikamoo Tata, nikamwonyesha kochi lililo karibu na ukuta, lile kubwa. Akalitazama. Akakaa.

Sasa sikiliza jambo ambalo nyie watoto wa siku hizi hamlijui. Kwetu, baba hachagui pa kukaa nyumbani kwa mkwe wake. Anaonyeshwa kiti, anakaa. Akihama mwenyewe ametukana nyumba. Na akienda chini sakafuni bila kutandikiwa, amemwambia mkwe kwamba binti yake ananyanyaswa. Tata alikuwa mtu wa adabu hizo mpaka kwenye mifupa. Mimi nilijua hivyo. Nilijua vizuri kabisa.

Siku ya tatu aliniuliza, kwa upole, "Binti yangu, humu ndani huna mkeka?"

"Tata, majirani watasema nimemleta baba yangu kutoka Karagwe nimkalishe chini kama ombaomba. Kaa kwenye kochi. Ni lako."

Hakuuliza tena.

Bi Zuhura alimwona siku mbili, siku tatu, mzee amekaa wima, jasho linamchuruzika kama mtu aliyenyeshewa. Akanivuta uani.

"Mama Koku, mzee anachemka. Nina mkeka mpya wa ukindu, nitamletea."

"Mikeka hata kwetu ipo. Tuliiacha kwa hiari yetu."

Akajifunga kanga upya. Kisha akasema, "Haya. Mwenye kiti ni wewe, mwenye mgongo ni yeye."

Mwanangu, mpaka leo nikikaa peke yangu nasikia mlio wa mgongo wa baba yangu ukibanduka kwenye nailoni ile kila alipoinuka kwenda uani. Ulikuwa mlio kama wa plasta inayotolewa kwenye kidonda. Mgongo ulianza vipele, vipele vikawa vidonda. Nilimpaka mafuta, nikamrudisha pale pale palipomchubua. Kifua nacho, licha ya dawa za hospitali, kilizidi kubana, hasa alasiri, na mimi nikasema ni ugonjwa tu. Nyumba ilikuwa na harufu kama ya chungu cha ndizi kilichosahauliwa. Nilipiga deki, nikafua mapazia, nikailaumu bahari.

Siku moja karibu na adhuhuri nilirudi sokoni na dagaa wangu kwenye kikapu. Mlango ulikuwa wazi. Mama yako alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya saruji, shavu limegusa ubaridi, ana raha zake. Na Tata alikuwa amesimama, mkono mmoja umeshika nondo ya dirisha, mwingine umeshika fimbo.

"Tata, umesimama tangu saa ngapi?"

"Tangu ulipotoka."

Nilikuwa nimetoka saa mbili asubuhi.

"Na kochi?"

"Kochi lako ni zuri. Nimeliacha lipumzike kunibeba."

Alijaribu kutabasamu, lakini kikohozi kikamkamata. Nilimshika, na shati lake lilikuwa limelowa kama nguo iliyotolewa kwenye beseni. Kumbe mzee mgonjwa, mwenye vidonda mgongoni, alikuwa amesimama saa nne nzima kwa sababu nyumbani kwangu alikuwa na mahali pamoja tu pa kukaa, na mahali hapo palikuwa panamla.

Sijui kisu nilikitoa wapi. Niliipasua nailoni ile kutoka juu mpaka chini. Mahameli yangu nyekundu, ambayo hakuna mtu aliyeigusa, ilikuwa imeota kuvu, nyeupe huku, kijani kule, kama mkate uliooza. Nilipopasua zaidi majani ya migomba yakatoka meusi, yamelowa, yananata kama samadi, na kunguni wakatoka nayo. Vumbi la kuvu likaruka, Tata akakohoa mpaka akainama. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwangu hata mti ungekuwa afadhali.

"Harufu hii," nikasema, "ulikuwa unaisikia?"

"Tangu juma la kwanza."

"Mbona hukusema, Tata?"

Alinitazama kama alivyonitazama kwa fundi Deo.

"Nilisema Kihanga."

Hakulisema kwa hasira. Angelisema kwa hasira ningelipata pa kujishikia.

Nilikwenda kwa Bi Zuhura kuomba mkeka. Yule mwanamke, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, siku hiyo hakusema kitu. Aliutandika mwenyewe barazani kwenye kivuli, akaleta na mto wa sufi. Tata akalala upande, mgongo wake ukapata hewa. Alilala pale siku tano, kisha akasema anataka kwenda kwake. Siku ya kumsindikiza stesheni alinishukuru kwa mkeka. Mkeka ambao haukuwa wangu.

Barua ya kaka yangu ilifika baada ya mazishi. Aliandika kwamba Tata alipofika Kihanga walikuwa wamemtandikia nyasi mpya sebuleni, kama tunavyomtandikia mtu wa heshima, naye alishuka akakaa juu ya nyasi zile kabla hata ya kupokea shikamoo za wajukuu. Akasema, "Hapa ni pakavu." Alikaa wiki mbili na siku chache, akafa. Mwishoni kaka yangu akaandika kwamba walimzika kwa marekani.

Watu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu hili hapa, ni zima. Lililovunjika lilikuwa la mkuu mwenyewe. Na sikuandikii haya unihurumie, maana sitaki huruma ya mtoto niliyembeba mgongoni. Sikumuua baba yangu. Kifua chake kilikuwa kibovu kabla hajapanda treni, na Mungu alikuwa ameshamwita. Lakini siku zake za mwisho alizokaa kwangu nilizifanya jela, na maji yakimwagika hayazoleki.

Babu yako alipopunguzwa kazini, miaka ya tisini imeshaanza, tulirudi huku Karagwe, hapa Kibingo, na mifupa ya makochi yale. Mvule haukuoza. Kochi kubwa ndilo hilo unalolikalia kila ukija likizo, lenye foronya nyeupe. Uliwahi kuniuliza mbona bibi anapenda kitambaa cha rahisi. Ni marekani, mwanangu. Naifua mwenyewe.

Sasa umeniletea vipande vya vitambaa nikuchagulie, kwa sababu unaolewa Pwani na unataka nyumba yako ing'ae. Nimevishika kimoja kimoja. Kile cha mahameli ya bluu nimekitia jikoni kwenye moto, usikitafute. Kile cha ngozi ya plastiki kirudishe dukani, kitamshika mgeni mapaja mpaka aombe msaada. Chukua hicho cha pamba chenye mistari, au hicho cha kitani cha rangi ya mchanga. Mwambie fundi ashone foronya za zipu, uwe unazivua na kufua, na uwe na pea mbili ili moja ikiwa kambani nyingine iko kazini. Akuwekee sponji, asikujazie kitu kilichotoka shambani. Kochi liwe na miguu mirefu, upepo upite chini, na lisigusane na ukuta. Likija na nailoni, ivue siku hiyo hiyo, hata kama mumeo ananung'unika. Kitu kinachoogopa kuchafuka kisikae sebuleni kwako.

Halafu nunua mkeka, uuweke mahali unapoonekana. Mzee akija kwako, mama mkwe, baba yako, hata mimi nikibahatika kufika, usimwonyeshe kiti na kumwacha hapo. Muulize anapenda kukaa wapi, na akikujibu kwa upole, jua kwamba amesema kwa nguvu zake zote. Jambo la mzee halirudiwi. Ukilikosa mara ya kwanza, mara ya pili utaambiwa kwa barua.

Nenda, mwanangu, na Mungu aliyempokea Tata akupokee na wewe huko kwenye joto. Akupe madirisha yanayofunguka na watoto wanaolala sakafuni kwa kupenda. Atakayeingia kwako amechoka, apate mahali pakavu pa kuweka mgongo wake. Na siku Mungu akikuletea mzee wa kukukemea, akufungue masikio kabla mzee hajaondoa mkono wake kwenye kitambaa.