Maneno ya Wafu Redioni

Dorcas Nguma wa Mishomoroni alisomea isimu, yaani sayansi ya lugha, akaishia kufundisha Kiswahili katika shule ya watu binafsi na kutunga hadithi za anga za juu. Na hadithi zenyewe, jamani, zilikuwa tamu! Shujaa wake ni mwanaisimu, mama wa makamo aitwaye Dakta Mwanarusi. Wageni kutoka nyota za mbali wakishuka soko la Kongowea, katikati ya mikokoteni na malori ya viazi, wanajeshi wanapagawa, wakubwa wanatimua mbio, naye Mwanarusi anavuta kigoda, anakaa, anawasikiliza mpaka anawaelewa. Redio moja ya hapa Pwani ilizisoma kila Jumamosi, na wauza nyanya sokoni saa hiyo walikuwa hawaambiliki.

Sasa wageni wale walihitaji lugha. Dorcas angeweza kuibuni, si ndiyo kazi aliyoisomea? Sijui ni uvivu au ni kupenda sifa, akachukua maneno ya baba yake.

Mzee Nguma ni mtu wa kanisa, hakosi Jumapili. Lakini kwao Kaloleni, penye vigingi vilivyosimikwa kwa ajili ya marehemu wa ukoo, ni yeye peke yake aliyebaki anajua maneno ya kuwaita. Dorcas alipokuwa chuoni alimbembeleza mpaka akakubali kurekodiwa, kwa sharti moja: yasitamkwe ila mbele ya wafu wenyewe. Dorcas akaapa. Halafu Jumamosi moja mzee ameketi na chai yake, anasikia majitu ya angani yakiwaita babu zake redioni, na jirani anacheka mpaka anajishika mbavu. Mzee alizima redio. Tangu hapo hakumsemesha binti yake tena. Akiamkiwa shikamoo, anajifanya hasikii.

Mwanzoni Dorcas alilichukulia kama jambo dogo, baba atanuna kisha atasahau. Kisha moyo wa mzee ukaanza kumsumbua, miguu ikavimba, daktari akasema wajiandae. Hapo ndipo hofu ilipomwingia hasa. Baba akifa bila kumpa radhi, ataishi vipi? Alimwendea kaka yake, Katana, akalia mbele yake bila haya.

Katana alimsihi baba siku nyingi, mpaka mzee akakubali kumpulizia maji ya radhi, kama wazazi wa kwao wanavyomfungulia mtoto aliyewakosea.

"Sikiliza, dada," Katana alimwambia mlangoni. "Unapiga magoti, unataja kosa lako, basi. Baba anatia maji kinywani, anakupulizia kifuani, yamekwisha. Usijieleze. Ukijieleza umeharibu."

"Kwani mimi mtoto mdogo?"

Mzee alikuwa ameketi kitandani, mito mgongoni, bakuli la maji mkononi. Dorcas akapiga magoti.

"Baba, nimekukosea. Maneno uliyonikabidhi niliyapeleka redioni."

Mzee akapiga funda, mashavu yakajaa. Ilibaki kidogo tu. Dorcas alitakiwa kunyamaza, wallahi, kunyamaza tu, yeye aliyemtunga mwanamke mwenye subira ya kusikiliza majitu! Lakini alimwona baba alivyokonda, mifupa ya shingo imetoka, huruma ikamzidi na ulimi ukamponyoka.

"Ila Baba, sikuwa na nia mbaya. Wale wageni ni watu wema katika hadithi. Na wewe ukiondoka, nani atayajua maneno hayo? Sasa angalau yamesikika Pwani nzima."

Katana, kando ya kitanda, alifumba macho.

Mzee alimtazama binti yake, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile, akamtazama sana. Koo lake likapanda, likashuka. Maji yote alikuwa ameyameza.

"Nilikuwa na kiu," akamwambia Katana, akamrudishia bakuli.