Udaku katika Sura ya Pili

Mimi mdaku. Nimelikana neno hili tangu usichana wangu, mbele ya mama, dada zangu na mume wangu, na leo naliandika mwenyewe, kwa sababu bila ya udaku nisingeivuka sura ya pili ya tasnifu yangu.

Nilirudi chuoni nikikaribia hamsini, miwani ya kusomea ikining'inia kifuani, kutafiti wanawake wa Jambiani wanaolima mwani. Sura ya kwanza ilipita. Ya pili, ambamo mtafiti hupitia maandishi ya waliomtangulia, ilinirudi mara mbili. Msimamizi wangu ni mdogo kwangu kwa umri na ana adabu zake, kwa hivyo kila alipotaka kunikatalia kazi alianza kwa kuniamkia.

"Shikamoo dada. Nshaisoma."

"Marahaba. Basi vipi?"

"Umemwamkia kila mtu."

Sikufahamu. Akanionyesha: aya hii fulani kasema hivi, aya ile fulani kasema vile, wote nimewasifu. Wawili wao walipingana waziwazi, nami nimewapanga ukurasa mmoja kama wageni wa hitima, kila mmoja nimempa mkono nikasonga mbele.

"Sasa dada, ukishawaamkia, wanazungumza nini? Wewe unamwamini nani?"

Akaongeza, kwa upole mkubwa, kwamba sura ikirudi tena kamati haitaniruhusu kwenda Jambiani mwaka huu. Na likizo yangu ya masomo kazini ilikuwa inakwisha.

Nimelelewa hivyo. Kwetu mkubwa haambiwi kakosea. Unamwambia labda wewe hukusikia vizuri. Nami mtu akishachapishwa nilimhesabu mkubwa wangu, hata kama angeweza kuwa mwanangu.

Wiki hiyo hiyo ikaja posa. Mtoto wa dada yangu alikuwa anaposwa na kijana wa Fumba, na katika ukoo wetu kazi ya kuulizia tabia za mposaji hapewi mtu mwengine ila mimi. Nikaenda Mlandege, dukani kwa rafiki yangu anayeuza kanga, ambako ukikaa asubuhi moja utadhani Unguja nzima imepita. Wanawake watatu pale walimjua kijana. Wote walimsifu, tena kwa maneno yale yale: mpole, anamtunza mama yake, hana marafiki wabaya.

"Wewe kakwambia nani?" nikamuuliza wa kwanza.

"Shangazi yake."

"Na wewe?"

"Huyu hapa," akamwonyesha wa kwanza.

Wa tatu alianza kucheka kabla sijamgeukia. "Usinitazame hivyo bibi wee! Mimi nimemsikia shangazi mwenyewe, harusini."

Nikampigia dada yangu kumwambia sina mashahidi watatu, nina shangazi mmoja.

"Wewe ndo maana watu wanakuficha mambo!" akapiga kelele.

Nikamwambia asikubali wala asikatae mpaka nimpate mtu asiyependana na shangazi huyo. Nikampata: jirani aliyegombana naye kwa mpaka wa kiwanja. Hata yeye akasema kijana ni mtu. Posa ikakubaliwa.

Nikarudi kwenye sura yangu nimejikasirikia. Miezi yote ile nawapa watu mkono, na kazi yenyewe naijua tangu sijaolewa. Nikaacha kuuliza kila mwandishi kasema nini, nikauliza kayapata wapi. Wengi walisema wanawake huacha mwani kwa kuwa waume zao hawataki, nao walikubaliana hata nikaona haya kuwatilia shaka. Lakini huyu kamnukuu yule, yule kamnukuu mwengine, na mwisho wao wote ni ripoti moja ya zamani ambayo haikusema ilimuuliza nani. Nikaandika hivyo hivyo, bila ya kumwamkia mtu.

"Hii sasa sura," akasema msimamizi. "Lakini kwa ile ripoti unakisia. Thibitisha, au ifute."

Mwandishi wa ripoti alikuwa hai, mstaafu, anaishi mjini. Namba yake niliipata kwa njia ambazo sitazitaja. Nikampigia baada ya sala ya alasiri.

"Naam!"

"Shikamoo maalim." Nikajitambulisha, nikamuuliza afya, nikamuuliza watoto na wajukuu, kisha nikamuuliza kule Jambiani alizungumza na wanawake gani.

"Wanawake? Sikuwakuta. Tulikwenda siku za bamvua, maji yamekupwa mpaka kule, wote wako pwani na mwani wao. Nikazungumza na waume zao barazani."

"Hukuwasubiri?"

"Gari ilikuwa inarudi mjini, mwanangu." Akakohoa. "Kwani watu bado wanaisoma ile?"

"Wanaisoma, maalim. Tena wanaiamini."

"Basi waandikie kuwa niliwauliza wanaume. Na jina langu uliandike vizuri, wengi wanalikosea."