Magodoro Katika Nyumba ya Sanaa

Nilikuwa na rafiki mmoja tu Sydney ambaye niliweza kugombana naye asubuhi na kula naye mchana. Yeye Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, mimi Mkongo wa Uvira. Kiswahili ndicho kilichotukutanisha kazini, tukiogesha wazee wa Kizungu katika makao yao mtaa wa Blacktown. Yeye alisuka vikapu. Mimi sijui kusuka chochote, ila najua kusumbua watu mpaka wakubali.

Basi tulisumbua watu miaka miwili. Tulitaka chumba mtaani kwetu Mount Druitt ambapo akina mama wangesuka, vijana wangepiga ngoma bila jirani kuita polisi, na watoto wetu, wanaoelewa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, wangeona kwamba mama zao wanajua kitu zaidi ya kubadilisha mashuka ya watu. Mwishowe tukapewa duka tupu lililokuwa likiuza mazulia. Tulipaka rangi wenyewe. Yeye akatundika vikapu vyake ukutani, mimi nikatia saini mkataba. Ajenti wa mwenye jengo alirudia sharti moja mara tatu: asilale mtu humu. Akikuta watu wamelala, tunatoka.

Halafu rafiki yangu akafa. Moyo, walisema, akiwa kazini, sare mwilini. Sikuwa na zamu siku hiyo na mpaka leo sijajisamehe, ingawa sijui ningefanya nini.

Kwetu mtu haji msibani na maua halafu akaondoka. Tunatandika magodoro na kukaa na mfiwa mpaka siku ya kuanua matanga. Lakini fleti ya rafiki yangu na mumewe ilikuwa ndogo. Siku ileile watu walijaa mpaka kwenye ngazi, mvua inanyesha, majirani wanalalamika. Mumewe, mtu mpole ambaye sikuwahi kumsikia akiomba kitu, akaniuliza kama wangeweza kumlilia pale kwenye nyumba yetu ya sanaa. Ningekataaje? Nilifungua mlango mwenyewe.

Siku ya pili, Jumamosi mchana, ajenti akaingia. Alikuta magodoro sakafu nzima, sufuria za maharage, akina mama wamejilaza na vitenge usoni, na mume amekaa chini katikati yao. Akauliza hapa pana nini.

Wote wakanitazama, maana mimi ndiye mwenye Kiingereza na mdomo. Niliwaza ile miaka miwili, nikaona duka likirudi kuuza mazulia. Nikacheka. Ndiyo, nilicheka, nikamwambia kwamba tuko mazoezini, tunatayarisha igizo kuhusu msiba wa Kiafrika, na yule bwana pale chini ndiye anayeigiza mfiwa.

Ajenti alifurahi. Akasema yule bwana anaigiza vizuri sana. Akaomba tu magodoro yaondolewe kabla ya jioni, akaenda zake.

Mume anajua Kiingereza. Anafanya kazi ghalani Minto, na huko hakuna lugha nyingine. Aliinuka akaanza kukunja godoro lake, na akina mama wakafuata mmoja mmoja. Hivyo ndivyo matanga yalivyovunjika, marehemu mwenyewe bado yuko mochwari.

Tulimzika wiki iliyofuata. Nyumba ya sanaa ipo. Jumamosi huja watoto wanne watano kuchora, pamoja na mwalimu mmoja wa Kizungu anayejitolea, mtu mwema. Akina mama hawaji. Wakinikuta kanisani wananisalimia kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo inayoniua.

Mwezi uliopita nilijikaza nikaenda kwa mume kuomba msamaha. Alinikaribisha, akanichemshia chai. Nilimweleza kwamba niliogopa kupoteza kitu ambacho mkewe alikitaka kuliko vyote, na kwamba mdomo ulinitangulia. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

“Shemeji, uliokoa nyumba yake, naelewa,” akasema. “Ila tangu siku ile, kila nikitaka kumlilia mke wangu, najiona kama naigiza. Basi naacha.”

Nilikunywa ile chai yote, ikiwa imeshapoa, kwa sababu sikujua nitaondokaje.