Risasi Ngumu Niliyoichagua Mwenyewe

Aibu hii ni yangu peke yangu, hakuna mtu aliyenituma wala shetani wa kumsingizia, na kama mnaniona Jumapili nasimama mbele ya kanisa pale mtaani kwetu Manika kusoma matangazo kwa sauti ya mtu mwenye heshima zake, basi jueni kwamba nyuma ya koti lile kuna mzee aliyeitwa mwongo mbele ya wakwe zake, uani, mchana kweupe, huku wanawake wakiwa wameshika vigelegele mdomoni hawajui wavitoe au wavimeze.

Mwanangu Daniel alitaka kumwoa Mujinga. Msichana huyo alilelewa na mjomba wake, Tata Kasongo, anayekaa kijijini ng'ambo ya ziwa la Nzilo. Mahari yote tulikuwa tumepeleka, mbuzi, vitambaa, koti la mjomba, jembe la bibi, kila kitu, kikabaki kimoja tu: nyama ya porini. Tata Kasongo ni mtoto wa mwindaji, na kwao mwanamke haondoki mpaka baba wa kijana alete mnyama aliyempiga kwa mkono wake mwenyewe (nyama ya kununua sokoni hapana, ya kwenye friji hata usiitaje), halafu kifua anapewa mjomba. Na mvua zilikuwa zinakaribia. Mvua zikianza, uwindaji unafungwa, na ukifungwa Daniel atangoja mpaka kiangazi kingine. Alikuwa ameshangoja vya kutosha, maskini.

Nikamwendea rafiki yangu Tata Ilunga. Yeye ana kibali, ana bunduki yake nzuri, na anawinda tangu tulipokuwa vijana kazini. Akakubali kuniazima na kunisindikiza, akanifundisha tena kulenga, maana tangu enzi za marehemu baba sikuwa nimeshika bunduki. Akaniambia jambo moja: tusitumie zile risasi ambazo vijana wanazijaza baruti upya majumbani, tununue za kiwandani, zilizo kwenye boksi. Tukaenda dukani.

Mwenye duka akaweka maboksi mawili mezani. Risasi za boksi la kwanza zilikuwa na ncha ya kijivu, madini ya risasi yasiyofunikwa, laini, ukiikwaruza kwa ukucha inaacha alama. Za boksi la pili zilikuwa zimevikwa shaba toka chini mpaka kwenye ncha, zinang'aa kama kengele. Tata Ilunga akasogeza boksi la kwanza kwangu.

"Kamata hizi za kichwa laini."

Sasa nieleweni. Mimi nilikuwa mtoboaji wa mwamba kwenye mgodi wa shaba uitwao Mashamba miaka thelathini. Kwetu sisi chuma laini ni aibu, ncha ya kutobolea ikilainika unaitupa, unaomba nyingine, na anayesifiwa ni yule ambaye ncha yake inaingia na kutokea. Halafu ile ilikuwa shaba, jamani! Mtu aliyekula shaba maisha yake yote, akasomesha watoto kwa shaba, aiache shaba mezani achukue kitu cha kijivu?

"Hapana," nikasema. "Mi nataka hizi ngumu. Ile laini itabondeka mu ngozi, haitafika ndani."

"Inapashwa kubondeka, Tata Yakobo. Njo inaua palepale. Nyama haiko libwe, haiko mwamba ya kutoboa."

Mwenye duka naye akaongeza taratibu kwamba hizo zilizovikwa shaba mpaka ncha watu wananunua kwa kujifunza shabaha. Ningenyamaza hapo. Lakini dukani walikuwamo watu, wanne au watano, na wengine walinijua, na mimi nikapandisha sauti.

"Tata Ilunga, wee ulikuwaka mu bilo na makaratasi. Mi nilitoboaka mabwe. Unajua nini ya kutoboa?"

Watu wakacheka. Tata Ilunga hakucheka. Ni kweli alikuwa karani wa stoo, lakini wakati sisi tukilala Jumamosi, yeye alikuwa porini. Akafunga boksi la kwanza, akalirudisha, akasema tu, "Sawa. Mukwe ni wako."

Asubuhi ya safari, kabla jua halijatoka, akaingiza mkono mfukoni akanipa risasi tatu za kwake, za ncha laini. Nikazikataa (kiburi kikishapanda hakishuki kwa siku moja). Nikaomba Mungu kwa sauti, nikamshukuru kwa mnyama ambaye hatujamwona, nikajaza bunduki shaba yangu.

Na Mungu kwa kweli hakutunyima. Jua lilipochomoza tu, mbawala dume akatoka kwenye nyasi ndefu, akasimama ubavu, ametulia kama anapigwa picha. Nikalenga nyuma ya bega kama nilivyofundishwa, nikafyatua, mnyama akaruka mara moja kama aliyeumwa na nyuki, akapotelea vichakani. Nimempata! Nilikuwa na uhakika, na uhakika wangu ulikuwa wa kweli, ubaya ni kwamba nilitoa simu palepale nikampigia Daniel.

"Imeanguka!" nikasema. "Ambia mjomba atengeneze masufuria."

Haikuwa imeanguka. Nilidhani itaanguka. Lakini mzee wa kanisa anajua tofauti ya maneno hayo mawili, msinitetee.

Tata Ilunga alikwenda pale mnyama aliposimama, akainama, akagusa jani. Tone moja la damu, dogo. Hatua kumi mbele, jingine.

"Imepita kama sindano," akasema. "Imeingia, imetoka, haikufunguka. Yee mwenyewe hajue bado kama amekufa."

Tukafuata. Tukafuata saa nzima, saa mbili, saa tatu, yeye mbele na goti lake bovu, anainua jani, anageuza nyasi, mimi nyuma na bunduki nzito. Hakuniambia hata mara moja "nilikuambia", na afadhali angeniambia. Mara moja tulimsikia mnyama mbele yetu akikohoa. Sauti ile, ndugu zangu, naisikia hata ninapokula. Kabla hatujamfikia akakimbia tena, na kwenye kijito damu ikaisha kabisa.

Mchana ukafika. Daniel alipiga simu mara nne, sikupokea. Mwisho tukateremka kijijini mikono mitupu, na toka mbali tukasikia nyimbo, maana mjomba alikuwa ameita ukoo mzima.

Uani, juu ya mti wa kukaushia mahindi, mbawala dume alikuwa amening'inizwa, nusu ameshachunwa.

Tata Kasongo akatupokea kwa mikono yote miwili, anacheka. "Leo Mungu ametupa mara mbili! Huyu alikuya kufa yee mwenyewe mu mihogo ya ule mama jirani, mama alimukuta pale akichimba. Na yako iko wapi, mukwe?"

Nikasema, "Ni huyu."

Kwanza walidhani natania. Nilipoendelea kukaza uso, kicheko kikapungua, kikabadilika. Tata Kasongo akauliza tundu liko wapi. Wakatafuta, wakapata kitundu ubavuni, chembamba, mwiba wa kawaida ungeweza kukifanya. Wakageuza ngozi: upande wa pili kitundu kingine, vilevile. Risasi ndani hakuna.

"Huyu alichomwa na muti wa lupango," akasema kijana mmoja, akionyesha kijiti chenye ncha kwenye ua.

"Tata wa kanisa anakuta nyama imekufa, anasema yake!" Hiyo ilikuwa sauti ya mwanamke, sikujua nani, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Daniel alikuwa amesimama karibu na Mujinga, anatazama viatu vyake.

Tata Kasongo akamgeukia rafiki yangu, akaonyesha bunduki kwa kidole. "Wee njo mwenye fizi. Sema."

Tata Ilunga alinitazama. Angeweza kuniokoa kwa neno moja, na nadhani angeweza pia kunimaliza kwa neno moja, lakini aliniachia mimi nafasi. Basi nikavua kofia, nikasema yote: risasi za maboksi mawili, nilichochagua na kwa nini, nilivyomtukana rafiki yangu mbele ya watu, risasi tatu nilizozikataa, na kwamba niliposema imeanguka, nilikuwa nasema uongo. Wakati naeleza habari ya mtoboaji na ncha ngumu, wazee wawili walicheka mpaka wakashikana. Tata Kasongo hakucheka.

"Mi naamini," akasema. "Mutu hawezi kujisema vile kama si kweli." Nikapumua. Lakini hakuwa amemaliza. "Ila nyama ya bukwe inaanguka mbele ya ule aliyeipiga. Hii ilianguka mbele ya mama mu shamba yake. Ni yake. Wee, mukwe, bado haujaleta."

Tukala nyama ya yule mama, tukamshukuru. Wiki ileile mvua ya kwanza ikanyesha.

Namshukuru Mungu, na ninasema hivi kila asubuhi, kwamba risasi ile ngumu ilipomaliza kumpita mnyama haikumkuta mtu. Pale mbele kulikuwa na mashamba. Daniel hakunilaumu. Alisema, "Si kitu, papa, tutangoja," na anangoja mpaka leo, na Mujinga anangoja, kwa sababu mimi nilipenda kitu kinachong'aa kuliko neno la mtu anayejua. Uwindaji ukifunguliwa, Tata Ilunga atachagua risasi na mimi nitalipa na kufunga mdomo. Hilo nimeapa.

Nilikwenda kwake kumwomba msamaha. Akanipa kiti, akanipa chai.

"Mi nilikusamehe palepale mu duka," akasema. "Ila ile nyama ilikimbia asubuhi yote. Ile, Tata Yakobo, sijue utaiomba musamaha namna gani."