Kichwa cha Baba cha Udongo

Yule Mhindi alinichosha, na mama yangu alinichosha zaidi. Acha niseme mapema.

Mhindi alizaliwa hapa Lushoto, nyuma ya duka la baba yake, akaacha kupima sukari ili achore. Enzi za Ujamaa, vitabu vya kisomo cha watu wazima nilivyofundishia vilijaa picha zake: jembe, kuku, mkulima ameinama. Mkulima huyo alikuwa baba yangu. Lakini alimchora mgongo tu! Baba akafa bila kupigwa picha hata moja, na mama akaanza kulalamika kwamba sura ya mumewe inamtoka kichwani. Mhindi aliposikia akapanda kijijini, akatoa shikamoo, akasema, "Mama, mimi namkumbuka. Nitamfinyanga." Siku hizo alitaka kuwa mchongaji; kuku walikuwa wamemchosha.

Wiki tatu alikuwa kwenye kile kichwa. Kilikuwa baba kabisa. Ikabaki kukichoma, na mchomaji alikuwa mama, mfinyanzi wa vyungu tangu usichana. Kwetu mwanamume hasogelei vyungu vinapochomwa, vitapasuka. Mama akamtaka abaki mjini. Mhindi akasema haachii mtu kazi yake. Nani sasa apande na kushuka mlima na majibu yao? Mimi, binti wa mfinyanzi.

"Mwambie kichwa ni kinene mno, kitapasuka; akikombe udongo wa ndani," mama alisema.

"Mwambie hiki si chungu," Mhindi akajibu.

Jamani, watu wazima hawa! Mama angeweza kukikomba mwenyewe, lakini aliogopa kumtia mumewe kisu. Akakichoma hivyo hivyo. Na Mhindi, aliyekubali mwishowe na kuniapia kwamba hatoki dukani kwao, kumbe amejibanza kwenye migomba.

Kikapasuka, pu! Akachomoka mbio, mikono kichwani.

"Ni wewe!" mama akamgeukia.

"Moto wako mkali, mama!"

Adabu ikanitoka, nikawafokea wote wawili. Mlijua ni kinene! Mlijua! Sasa baba yangu yuko wapi?

Majivu yalipopoa mama akayapekua kwa kijiti. Pua hakuna, mdomo hakuna. Akapata sikio moja, zima, akalipuliza vumbi.

"Hili ni lake," akasema.

Akalisogeza karibu na midomo, akaanza kumsimulia baba kwa Kishambaa yote yaliyotupata tangu tumzike. Mimi na Mhindi tukaondoka, tukamwacha amalize.